“Hatuna Vifaa”: Ushahidi Unaoachwa Uozee Majini

Makamanda, naomba nianze na kamba.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani Segese likizo ya Desemba. Kijana wa jirani yetu, rika moja na kaka yangu, alipotea usiku baada ya ugomvi wa mgao wa mawe. (Kwa ninyi wa mjini: mawe ndiyo mshahara wetu huku. Mkitoka duarani kila mtu anapata viroba vyake, na mkidhulumiana hapo ndipo mapanga yanapotoka.) Siku ya tatu mtoto anayechunga mbuzi akaona kandambili moja ukingoni mwa duara lililoachwa miaka mingi, limejaa maji ya mvua, rangi ya chai ya maziwa. Yowe likapigwa, nzengo nzima ikakusanyika. Askari wawili wakaja na pikipiki, wakachungulia, mmoja akatikisa kichwa akasema, “Hapa hatuna vifaa.”

Wakapiga simu mjini. Tukaambiwa wataalamu watakuja, lini haijulikani. Wazee wakachangisha hela ya dizeli, ikakodiwa pampu, ikavuta maji kutoka asubuhi mpaka jua linazama. Wachimbaji wawili wakashuka kwa kamba kwenye shimo lisilo na matimba, kuta zinamomonyoka wakiziona, wakampata chini kwenye tope. Mikono ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba ya manila.

Mzee mmoja akasema mtoto wa mtu hawezi kulazwa mbele ya mama yake akiwa amefungwa kama mbuzi wa mnadani. Akachukua panga, akakata kamba palepale kwenye fundo, akaitupa juu ya kifusi. Akina mama wakaleta maji na kitenge. Mwili ukaoshwa, ukafunikwa vizuri. Askari walikuwepo muda wote. Mmoja alishika tochi ili mzee aone vizuri pa kukata.

Watu wawili walikamatwa, wakakaa wiki kadhaa, wakaachiwa. Ushahidi hautoshi. Mama wa yule kijana mpaka leo tukikutana gulioni ananishika mkono na kuniuliza, “Mwanangu, wewe si ndiye unasomea sheria?”

Nasomea, mama. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuumia, kwa sababu sasa najua ile kamba ilikuwa ni nini.

Chuoni kila mwanafunzi wa sheria ya ushahidi analazimika kuijua kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007. Mahakama ya Rufani ilisema pale jambo ambalo hata mama lishe analielewa: ukileta kielelezo mahakamani, onyesha kwa maandishi kilipokamatwa, nani alikishika, alimkabidhi nani, kikakaa wapi, mpaka kikafika mbele ya hakimu. Kiungo kimoja kikikatika, wakili wa upande wa pili ana mlango wa kutokea. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kinataka atoe stakabadhi anayekamata kitu. Kanuni za kudumu za Jeshi la Polisi, yaani PGO, zinaelekeza vielelezo vitunzwe vipi. Karatasi tunazo, jamani. Kwa karatasi sisi ni matajiri.

Sasa fikiria kielelezo kiko chini ya maji. Watu wengi, pamoja na baadhi ya askari, wanaamini maji yanafuta kila kitu. Siyo kweli. Silaha iliyotupwa kwenye maji baridi inaweza kubaki na alama za vidole kwa muda. Simu iliyolala mtoni inaweza kutoa yaliyomo ikifika kwa mtaalamu bila mtu kuiwasha “tuone kama inafanya kazi”. Fundo la kamba ndilo hazina kubwa kuliko zote: linaonyesha mkono uliolifunga ulizoea kufunga vipi, na ndani ya mikunjo yake kunaweza kubaki chembe za mwili wa aliyelifunga. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii vizuri hawakati fundo hata siku moja. Wanakata kamba mbali na fundo, wanaweka alama ncha zilizokatwa, na fundo linahifadhiwa lilivyo.

Mzamiaji wa polisi aliyefunzwa haendi kule chini kutafuta maiti tu. Mara nyingi haoni hata kiganja chake, anafanya kazi kwa kupapasa. Anatandika kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, anapita mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia shamba, ili baadaye aweze kuiambia mahakama: hapa nimepita, hapa sijapita. Akipata kitu anapima mahali kilipo kabla hajakigusa. Kisu au bastola vinapandishwa ndani ya chombo chenye maji yaleyale, kwa sababu vikikutana na hewa kutu inaanza kazi mara moja. Mwili unafungwa kwenye mfuko hukohuko chini, mikono inafunikwa, ili kilichoko kwenye kucha kisisombwe njiani. Kisha daktari atatazama kama mtu huyu alikufa maji au aliingizwa majini akiwa ameshakufa, na vijimea vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho, vikikutwa hadi kwenye uboho wa mifupa, husaidia kulijibu swali hilo. Kwa wakili, hilo ndilo swali linalotenganisha ajali na mauaji.

Pale Segese hakuna hata kimoja kilichofanyika. Na tusidanganyane, simlaumu yule mzee. Alimpa kijana wetu heshima ambayo serikali ilishindwa kumpa. Aliyelipwa mshahara kujua thamani ya fundo ni yule aliyeshika tochi.

Kuna wanaonijibu: dada, unataka askari wafe kwenye mashimo? Duara lililoachwa linaweza kutitia, hewa chini ni mbaya, matimba yameoza. Nawaelewa, na mimi mwenyewe sitaki mtu yeyote azamie kwenye shimo la namna hiyo. Lakini mbona walioshuka walikuwa wachimbaji wawili waliofungwa kamba kiunoni? Hatari ilikuwepo, ila ilibebwa na wananchi bure. Kuzungushia utepe, kuwazuia watu wasikanyage ukingoni, kupiga picha, kuvuta maji polepole na kuchunguza tope linalotoka, kuandika jina la kila aliyegusa mwili: kati ya hayo lipi linahitaji mtungi wa oksijeni? Linahitaji daftari.

Halafu hili neno “hatuna vifaa” lina utani mbaya ndani yake. Dola inayosema haina mpira wa kuvuta maji kutoka kwenye duara ina magari ya washawasha ya kumwaga maji juu ya vijana waliobeba mabango. Maji wanayo, pampu wanazo.

Na wazamiaji wapo. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, shughuli ya uokoaji ilisimamishwa usiku, watu wakanung'unika nchi nzima, lakini siku mbili baadaye mzamiaji alimtoa fundi wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Tuliona inawezekana. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022 waliowahi walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na vyombo vya dola vikafuata. Kwa hiyo nchi hii inajua kuzamia panapotokea ajali na kamera zikiwepo. Mtu mmoja akitupwa majini na mtu mwingine, hapo ndipo vifaa vinapotoweka. Na mshukiwa akiwa ni mtu wa dola yenyewe, hata nia ya kutafuta inatoweka navyo.

Ngoja niwarudishe mwaka 1996, kabla sijazaliwa.

Mei 21 mwaka ule MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu. Hakuna familia ya kanda yetu ambayo haina jina kwenye orodha ile au haimjui mwenye jina. Rais Mkapa akatangaza maombolezo, wazamiaji wakaja kutoka Afrika Kusini, Tume ya Jaji Kisanga ikaundwa, watu wakafikishwa mahakamani. Mtu anaweza kubishana kuhusu kila hatua, kwanza ile ya kutoboa meli, lakini hatua zilichukuliwa. Dola ilishuka majini kutafuta.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, Bulyanhulu, Kakola. Ni halmashauri yetu hii ya Msalala. Maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa ili kuipisha kampuni ya Kahama Mining, iliyokuwa ya Sutton Resources ya Kanada, ambayo baadaye, mwaka 1999, ilinunuliwa na Barrick. Maduara yakafukiwa kwa mashine. Wachimbaji na ndugu zao walisema, na wameendelea kusema, kwamba ndani ya baadhi ya maduara kulikuwa na watu, na walitaja zaidi ya 50. Serikali ilikana. Kampuni ilikana. Wakasema maduara yalikuwa matupu.

Mimi sisemi walikuwemo. Narudia ili asije mtu akaninukuu vibaya: sisemi. Nauliza, ni nani alikwenda kutazama? Maji hufunika, na kifusi nacho hufunika, na vyote viwili vina dawa moja tu, kushuka au kufukua. Wanasheria wa LEAT, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walipodai tume huru wakajikuta wao ndio washukiwa: Novemba 2001 polisi walipekua ofisi yao, na kesi ya uchochezi ikafuata. Amnesty International ikataka uchunguzi huru. Ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikaja mwaka 2002, ikaandika ripoti kwamba haikuona msingi wa madai yale. Haikufukua duara hata moja. Mpaka leo Tanzania haijaunda tume huru ya kimahakama juu ya Bulyanhulu.

Mei, tume na wazamiaji kutoka nje ya nchi. Agosti, kesi ya uchochezi. Mwaka mmoja, kanda moja, Rais mmoja. Tofauti ni nini? Kwenye meli, mwenye kosa angeweza kuwa nahodha. Kwenye maduara angeweza kuwa aliyetoa amri.

Tukija karibu zaidi, Desemba 2016 miili ya watu ilikutwa kwenye viroba Mto Ruvu, Bagamoyo. Ikazikwa hukohuko. Tuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inayompa hakimu mamlaka ya kuuliza hadharani nani huyu, amekufaje, lini na wapi, na hata kuamuru kaburi lifukuliwe. Kiroba hakijifungi chenyewe. Kilifungwa na mtu, kwa uzi, kwa fundo. Lile fundo liko wapi leo?

Septemba 6, 2024 mzee wetu Ali Mohamed Kibao alishushwa kwenye basi pale Tegeta mbele ya abiria. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio, pwani. Deusdedith Soka na wenzake wawili walichukuliwa Temeke tangu Agosti 18, na hadi naandika haya hawajaonekana. Tumeambiwa uchunguzi unaendelea. Unaendelea na nani? Waliotajwa na mashuhuda ni watu wenye pingu na silaha, na anayechunguza ni jeshi lilelile.

Kwa majirani zetu Kenya polisi si malaika, hilo wao wenyewe watakuambia. Lakini soma kesi ya wakili Willie Kimani. Juni 23, 2016 alitoka mahakamani Mavoko na mteja wake Josephat Mwenda, dereva wa bodaboda aliyekuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi, pamoja na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Wote watatu wakatoweka. Wiki moja baadaye miili yao ikapatikana kwenye magunia mtoni, Ol Donyo Sabuk. Aliyefanya vile alikuwa ameyaamini maji. Yakamsaliti. Kutoka hapo wapelelezi walirudi nyuma hatua kwa hatua: mawasiliano ya simu, gari lililotelekezwa, kipande cha karatasi ya chooni ambacho mmoja wa mateka alikiandika na kukitupa nje kutoka kituo cha polisi cha Syokimau. Mwaka 2022 askari watatu na mtoa habari wao walitiwa hatiani. Februari 2023 Jaji Jessie Lessit alimhukumu kifo Fredrick Leliman, na wengine miaka 30, 24 na 20.

Ilichukua zaidi ya miaka sita. Mawakili wa Kenya waliandamana, waligoma kwenda mahakamani, hawakunyamaza. Na Kenya wana IPOA, chombo cha kiraia kinachoichunguza polisi. Julai 2024 mabaki ya wanawake yalipotolewa kwenye viroba ndani ya shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji na taka pale Kware, Nairobi, hatua chache tu kutoka kituo cha polisi, walioingia kwenye maji yale kwanza walikuwa vijana wa mtaani, kama kwetu Segese. Ila IPOA ilitangaza mara moja kwamba inachunguza polisi walihusikaje au walizembea vipi. Mshukiwa akatoroka mahabusu mwezi uliofuata, aibu kubwa. Bado wana mlango wa kugonga. Mimi nikimaliza shule nikapewa kesi ya namna hiyo hapa, nitagonga wapi? Tume ya Jaji Chande ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, ikasema Jeshi la Polisi linahitaji kufumuliwa na upelelezi uwe na chombo chake kitaifa. Ripoti ilipokelewa kwa makofi na picha.

Bila chombo kama hicho hata sheria nzuri inageuka mtego. Chukua kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushahidi. Mtuhumiwa akisema “nilitupa panga kwenye bwawa lile”, na panga likapatikana kweli kwa sababu ya maneno yake, sehemu hiyo ya maneno inaweza kutumika dhidi yake. Kifungu chenye akili: maji yanathibitisha ulimi. Huku kwetu kimezaa msemo wa “kupelekwa kuonyesha silaha”. Mara ngapi tumesikia mtuhumiwa alipelekwa kuonyesha silaha, akajaribu kutoroka, akapigwa risasi? Aliyekuwa akijua kilipo kielelezo anakuwa kielelezo yeye mwenyewe.

Sasa makamanda, kabla hamjapiga makofi, tuna letu. Mwili ukionekana mahali, sisi ndio wa kwanza kufika na simu. Tunakanyaga kila kitu, tunageuza maiti tupate sura, tunarusha kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mjane hajaambiwa. Nimeyaona kwenye magrupu yetu wenyewe, siyo ya kijani. Tunafuta nyayo za wauaji kwa nyayo zetu halafu tunapaza sauti kwamba dola inaficha ushahidi. Ukifika eneo la tukio, simama mbali. Piga picha ya eneo kwanza, kwa upana, pamoja na walioko pale na namba za magari. Usiguse mwili. Ikibidi kumtoa mtu majini, fundo lisiguswe, na aliyemtoa aandike jina lake na saa. Mwombe daktari na ndugu wadai uchunguzi wa mwili kabla ya mazishi, na waombe nakala ya ripoti. Wakikataliwa, waandike kwamba wamekataliwa, nani kakataa na lini.

Kwa mbunge, diwani au mgombea yeyote wa chama chetu atakayekuja Msalala, Nyang'hwale au Geita kuomba kura za wachimbaji, nina maombi ambayo hayahitaji hotuba. Timu ya wazamiaji na wafukuaji wa ushahidi iwe kanda ya ziwa, karibu na migodi na ziwa, siyo makao makuu. Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu uwe lazima kwa kila mwili unaotolewa majini au duarani, bila kusubiri polisi waombe. Anayechunguza polisi asiwe polisi. Na suala la Bulyanhulu litajwe kwa jina lake, kwenye ilani, kwa ahadi ya tume yenye mamlaka ya kufukua. Kama maduara ni matupu, serikali na kampuni watakuwa wamesafishwa. Nashangaa kwa nini hawajawahi kuitaka nafasi hiyo wao wenyewe.

Wazee waliokuwepo Kakola mwaka 1996 wanaanza kuisha. Likizo hii sibaki Dar. Nimenunua madaftari manne, na mwenzangu mmoja wa mwaka wa nne amekubali kuja nami. Tutaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, duara la nani, lilikuwa upande gani wa barabara, aliyeonekana mara ya mwisho alivaa nini. Kila ukurasa utasainiwa na anayeongea, na asiyejua kusoma atasomewa kabla ya kuweka dole gumba. Mwenye ndugu aliyekuwa Bulyanhulu mwaka ule na hajarudi, mwambie tutakuwa kule kuanzia wiki ya kwanza ya likizo. Nikipita Segese nitaanzia kwa mama wa yule kijana. Nataka anionyeshe kile kifusi.